RuneQuest kwenye meza ya kukatia nguo: kitabu kinachojua mtu anajifunza namna gani

Kati ya vitabu vyote vya michezo ya kuigiza wahusika tulivyofungua mezani kwetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, RuneQuest ndicho kinachoelewa namna mtu anavyojifunza. Nasema hivyo mapema ili anayetafuta hukumu tu aipate na kwenda zake. Anayetaka kujua kwa nini, akae, maana jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu.

Ninachokizungumzia ni RuneQuest: Roleplaying in Glorantha, toleo la kampuni ya Chaosium la mwaka 2018. Sisi tunatumia tafsiri ya Kifaransa ya Studio Deadcrows, kwa kuwa wote mezani tumesoma shule kwa Kifaransa. Sitakipitia kitabu kizima. Vita, miungu na historia ndefu ya Glorantha, dunia ya kubuni ya mchezo huu, vinataka makala yao. Mimi nashona nguo, nafundisha wasichana kushona, na Jumapili baada ya misa na bukari (ugali) nafuta meza ya kukatia vitambaa, nasogeza vyerehani ukutani, naongoza mchezo. Kinachonigusa kuliko yote ni hiki: mhusika aliyeanza hajui, anafikaje kujua?

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo yako hivi. Mmoja anaongoza na kusimulia dunia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na karatasi inayoonyesha anachokiweza. Penye shaka, dadu zinaamua. Kisa kikiisha, mhusika haishii hapo. Anarudi Jumapili nyingine, na nyingine, na mwaka unapita naye. Ndiyo maana kila kitabu cha aina hii lazima kiseme mhusika anakua vipi, na hapo ndipo vitabu vingi vinapokwenda haraka haraka.

Tulianza na Dungeons & Dragons (D&D), kama wengi. Ndio mchezo mama, uliotoka mwaka 1974 kwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio uliotuzoesha alama za uzoefu na ngazi. Unakusanya alama, zikitimia unapanda. Kwenye toleo la 2014, ambalo ndilo tulilolicheza, alama 300 zinakupeleka ngazi ya 2, na ngazi ya 20 inataka 355,000. Hesabu ni safi na mgeni anaielewa upesi. Lakini siku moja kikosi kilikuwa ndani ya pango, askari wa mdogo wangu akaua adui wa mwisho, alama zikatimia, wakalala pale pale juu ya mawe, na asubuhi askari akaamka ngazi ya 5, anapiga mapigo mawili pale alipokuwa anapiga moja. Mwenzetu muuguzi, ambaye anajua alisoma kiasi gani kabla ya kuruhusiwa kumchoma mgonjwa sindano, akaweka penseli chini.

"Hii alijifunzia wapi? Ni nani alimufundisha? Si alikuwa analala?"

Mdogo wangu alicheka, ila swali lilibaki mezani. Nikaanza kutafuta jibu kwenye vitabu.

Kitabu cha mwongoza mchezo cha toleo hilo la 2014 kina kanuni ya hiari ya mafunzo. Kupanda hadi ngazi ya 2, 3 au 4 kunataka siku 10 na vipande 20 vya dhahabu. Ngazi ya 5 hadi ya 10, siku 20 na vipande 40. Ya 11 hadi ya 16, siku 30 na vipande 60. Kuanzia ya 17, siku 40 na vipande 80. Tuliijaribu. Wachezaji walilipa, nikasema "siku kumi zimepita", basi. Mwalimu hakuwa na sura, hakuna aliyeuliza jina lake, na kiasi chenyewe ni kidogo mno kwa watu waliotoka shimoni na magunia ya dhahabu. Ilikuwa kama ushuru wa barabarani: unatoa hela, unapita.

Nikarudi nyuma zaidi, hadi kitabu cha mwongoza mchezo cha AD&D, yaani Advanced Dungeons & Dragons, cha mwaka 1979. Huko Gygax alitaka mafunzo ya kweli, tena makali. Kila wiki ya mafunzo inagharimu vipande 1,500 kuzidisha kwa ngazi uliyo nayo. Idadi ya wiki, kuanzia moja hadi nne, inategemea maksi anazokupa mwongoza mchezo kwa namna ulivyoicheza kazi yako: kama mpiganaji alijificha nyuma kila vita, au mganga alikataa kuponya wenzake, wiki zinaongezeka. Wazo hilo nalipenda sana. Mwalimu anakuangalia ulivyofanya kazi. Lakini fuata hesabu uone. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza anahitaji alama 2,001 ili apande, na siku zile dhahabu unayoitoa shimoni inahesabiwa pia kuwa alama. Basi mtu mwenye alama 2,001 ana dhahabu pungufu ya hapo, maana nyingine zilitoka kwa maadui aliowashinda. Akipata maksi mbaya anadaiwa vipande 6,000. Hana. Anarudi shimoni kutafuta karo, na kitabu kinasema kwamba tangu alama zilipotimia haongezewi nyingine mpaka apate mafunzo. Anahatarisha roho kwa ajili ya karo tupu, na hatari yenyewe haimfundishi kitu.

Hapo ndipo niliposhika RuneQuest, na jibu lilikuwepo tangu mwaka mmoja kabla ya kitabu kile. RuneQuest ya kwanza ilitoka mwaka 1978, kanuni zikiandikwa na Steve Perrin na wenzake, juu ya dunia aliyoibuni Greg Stafford. Haina ngazi. Haina alama za uzoefu za kujumlisha. Kila ujuzi una asilimia yake: Kupanda 40, Mkuki 65, Kufuata nyayo 50. Ukitaka kufanya jambo, unatupa dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, na ukipata chini ya asilimia yako au sawa nayo, umeweza. Kando ya kila ujuzi kuna kisanduku kidogo.

Kisanduku hicho ndicho ninachokisifu katika makala hii yote.

Nikuonyeshe kinavyofanya kazi. Mwindaji wa mdogo wangu alikuwa anakimbizwa usiku, mbele yake ukuta wa jiwe, nyuma yake watu wenye mienge. Kupanda kwake ni 40, kiasi ambacho kitabu kinampa kila mtu mwanzoni. Akatupa dadu: 31. Amepanda. Nikamwambia aweke alama kwenye kisanduku cha Kupanda. Ameweka mara moja tu. Hata angepanda kuta nyingine tatu kabla ya kisa kwisha, alama ni ile ile moja. Msimu ulipomalizika akatupa dadu tena, na safari hii alitakiwa kupata juu ya asilimia yake. Akapata 72, ambayo inapita 40, kwa hiyo ujuzi unakua. Unakua kiasi gani? Dadu moja ya pande sita, au ukipenda unachukua 3 bila kutupa.

Ona akili iliyomo. Asiyejua sana, mwenye 25, mara chache atafaulu ili apate alama, lakini akiipata, mara tatu kati ya nne ataongezeka. Fundi mwenye 90 anapata alama karibu kila kisa, lakini anaongezeka mara moja kati ya kumi. Mwanzo unapanda haraka, kisha mlima unakuwa mkali. Hakuna jedwali la ngazi lililochorwa. Ule ugumu wa kupanda unatoka ndani ya dadu zenyewe. Halafu kuna ile 3. Wastani wa dadu ya pande sita ni 3.5, kwa hiyo anayechukua 3 anaacha nusu alama ili awe na uhakika. Mdogo wangu hutupa kila mara, na siku ile ya ukuta alipata 1. Muuguzi huchukua 3 daima. Nimewajua watu wale kwa kuangalia uchaguzi huo tu.

Aliyecheza L'Appel de Cthulhu (Call of Cthulhu kwa Kiingereza) ataitambua kanuni hii, maana mchezo ule wa mwaka 1981, kutoka nyumba hiyo hiyo ya Chaosium, ulirithi visanduku hivi. Lakini kule wahusika hawaishi sana. Kwenye RuneQuest visanduku vinapata miaka ya kufanya kazi.

Kuna sharti moja ambalo wachezaji wengi hulisoma haraka: alama inatolewa pale tu ujuzi ulipotumika kwenye hali yenye shinikizo, yenye kitu cha kupoteza. Mimi nililielewa sharti hili papo hapo, kwa sababu ya kazi yangu. Msichana anaweza kukata magazeti wiki nyingi, akakata shuka kuukuu, akashona mifuko, na mkono wake ukanyooka vizuri. Kisha mteja analeta kikwembe (kitenge) cha super wax, yadi sita kamili, harusi ni Jumamosi, na duka lililouza kikwembe kile halina kingine cha rangi ile. Mkasi wa kwanza unaoingia kwenye kitambaa hicho unamfundisha kushona libaya, yaani blauzi, kuliko magazeti yote. RuneQuest inaliandika hilo kwa kanuni: mazoezi ya kutwa ni jambo moja, na siku yenye hofu ni jambo jingine.

Na mazoezi hayakusahauliwa. Sura inayohusu mambo yanayofanyika kati ya kisa na kisa inatoa mafunzo kwa mwalimu, na pia kujifunza mwenyewe. Vyote viwili vinaongeza kidogo kuliko uzoefu, na kujifunza mwenyewe kunaongeza kidogo zaidi. Na mafunzo ya mwalimu yana ukomo: hayavuki asilimia 75. Baada ya hapo hakuna mwalimu, hakuna fedha itakayokuongezea. Itabidi uende ukaifanye kazi yenyewe mahali penye hatari. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ya kikatili. Mimi naiona ya kweli kabisa. Namfikisha msichana mahali ambapo hata akiendelea kukaa kando yangu haongezeki tena. Kuanzia hapo wateja ndio walimu wake.

Kwenye matoleo ya kwanza ya RuneQuest hata deni lilikuwemo: kijana alipewa mafunzo kwa mkopo na vyama vya mafundi, akaingia kwenye mchezo anadaiwa. Toleo la 2018 limeacha njia hiyo na kumpa mhusika historia ya familia, babu au bibi alipigana wapi, mzazi alifanya nini, na kutoka humo anapata sehemu ya ujuzi na chuki na mapenzi yake. Ni nzuri, na mfano wa mhusika Vasana anayefuatwa hatua kwa hatua kitabuni unasaidia sana kuielewa. Lakini naulilia ule mkopo. Deni la mafunzo linampa mtu sababu ya kutoka nyumbani asubuhi, na hapa Lubumbashi kila mmoja mezani aliielewa sababu hiyo bila kuelezwa. Nimelirudisha kwangu kama kanuni ya nyumbani: unayetaka mafunzo, niambie jina la mwalimu, anakaa wapi, na anataka nini zaidi ya fedha. Mwalimu wa upinde wa mdogo wangu ni mwanamke mzee aliyeacha uwindaji, na anachotaka ni kuletewa habari za mwanawe aliyekwenda mjini akapotea. Kisa kizima kilizaliwa hapo. Kitabu kingeweza kutoa ukurasa mmoja tu wa walimu wa namna hiyo na kingekuwa tajiri zaidi. Kimetoa namba peke yake, na hiyo ni kasoro.

Kasoro ya pili ni kubwa, nayo inajulikana tangu zamani: uwindaji wa alama. Mchezaji akishajua kwamba kila ujuzi una kisanduku chake, anaanza kuvizungukia. Anapiga mshale, anautupa upinde, anachomoa mkuki, anautupa mkuki, anachukua kisu, ili visanduku vitatu vijae ndani ya pigano moja. Mwenzetu mwendesha taksimoto anacheza mfanyabiashara wa mungu Issaries, na kwa muda alikuwa anapatana bei kila tulipofika sokoni.

"Mama, nimeshusha bei ya vitunguu. Niweke alama?"

Nikamuuliza: ukikosa vitunguu hivyo, nini kitatokea? Akafikiri, akajibu kwa uaminifu: hakuna. Basi hakuna alama. Jumapili iliyofuata alipatana bei ya dawa ya nyoka kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anakata roho, muuzaji akijua kabisa kwamba hawana muda. Hapo nilimwambia aiweke alama kabla hata hajaomba. Swali hilo moja, ukishindwa nini kitatokea, limemaliza tatizo mezani kwetu. Kitabu kinakupa neno la shinikizo na kukuachia uamuzi wote. Mwongoza mchezo mpole, au mgeni katika kazi hii, atasumbuliwa sana.

Kisha ni suala la mwendo. RuneQuest ni ya polepole, na mtu ajue hilo kabla ya kutoa hela. Kanuni inakusudia takribani kisa kimoja kwa kila msimu. Mwaka wa Glorantha una siku 294: misimu mitano ya wiki nane nane, halafu wiki mbili za Wakati Mtakatifu. Mwenye ujuzi wa 60 ana nafasi ya asilimia 40 ya kuongezeka, na wastani wa 3.5 akiongezeka, kwa hiyo ni kama 1.4 kwa msimu, yaani 7 kwa mwaka mzima kama alama aliipata kila msimu. Kipaji kinasaidia: mwenye nyongeza ya 10 katika kundi la ujuzi huo anaijumlisha kwenye dadu, na 1.4 inakuwa 1.75. Hata hivyo kisa kimoja kinatuchukua Jumapili kadhaa. Meza inayokutana mara moja kwa mwezi itachoka kusubiri. Anayependa kuanza mnyonge na kumaliza akiua majoka, D&D itamfurahisha zaidi, na namwambia hivyo bila kuficha. Wahusika wa RuneQuest wanaanza wakiwa watu wazima wenye ujuzi wao tayari. Wanachokipata ni kina.

Kina hicho kinaonekana mahali pawili ambapo sijaona mchezo mwingine ukifanya vizuri hivi.

Pa kwanza ni nguvu ya roho. Kila mhusika ana namba ya roho yake, na namba hiyo inaweza kuongezeka, lakini nafasi ya kuongezeka ni 21 kutoa kiasi ulicho nacho, kuzidisha kwa 5. Mwenye 11 ana asilimia 50. Mwenye 16 ana 25 tu. Sasa, ukitaka uchawi mkubwa wa mungu wako, unatoa sehemu ya roho hiyo moja kwa moja, hairudi yenyewe: nukta moja ya roho kwa nukta moja ya uchawi. Muuguzi anacheza mponyaji wa Chalana Arroy, mungu wa kike wa uponyaji, ambaye wafuasi wake huapa kutomdhuru mtu. Alikuwa na 16. Akatoa moja, akabaki na 15, na nafasi yake ya kuongezeka ikapanda hadi 30. Alipoigundua hesabu hiyo aliiandika pembeni mwa karatasi yake kwa wino, ingawa kila kitu kingine anaandika kwa penseli. Anayeng'ang'ania roho yake yote anadumaa, anayeitoa anajazwa tena. Hesabu kavu imebeba imani nzima, na mtu anayeamini mungu wake atacheza vile vile na anayepiga hesabu.

Pa pili ni mapenzi na chuki. Kumpenda ndugu, kuwa mwaminifu kwa ukoo, kuichukia dola fulani: hayo nayo yana asilimia na yanakua kama ujuzi. Mwindaji wa mdogo wangu aliutumia upendo wake kwa familia kisa baada ya kisa, maana ulimpa nguvu alipouhitaji, na ukakua, ukavuka 80. Kuanzia 80 mwongoza mchezo ana ruhusa ya kukulazimisha utupe dadu kuona kama hisia hiyo inakutawala. Kikosi kilikuwa karibu kumaliza mapatano yaliyokuwa yameshughulikiwa misimu miwili, habari ikaja kwamba dada yake mwindaji ana uchungu wa kuzaa na hali si nzuri. Nikamwambia atupe. Akatupa, hisia ikamtawala, mwindaji akaondoka kikaoni bila kuaga. Mapatano yakavunjika.

"Yaya (dada mkubwa), hii si kukua," mdogo wangu akalalamika. "Hii ni kufungwa."

Muuguzi akamjibu kabla yangu: mtu akishakua ndivyo anavyofungwa. Mdogo wangu hakukubali, na wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo hadi leo. Mimi niko upande wa muuguzi. Mfumo wa kukua unaokupa faida tupu unamjenga mhusika upande mmoja tu.

Wakati Mtakatifu nao una kazi yake. Kila mwisho wa mwaka mnatupa dadu za mavuno, za kipato, za mambo ya familia: nani kazaliwa, nani kafa. Dada wa mwindaji alipata mtoto humo. Msichana mmoja ninayemfundisha kushona, ambaye alijiunga nasi baada ya kukaa kimya kwenye kona na kusikiliza, anaipenda sehemu hii kuliko vita vyote. Anasema mhusika wake anakua vizuri kwa sababu ana mahali pa kurudi.

Sasa kitabu chenyewe kama kitu cha kununua. Ni kinene, ni kizuri kwa macho, alama za kale za Glorantha ziko kila mahali. Mpangilio wake unachosha. Unapomtengeneza mhusika unasoma sura moja, maelezo ya ujuzi yako nyingine, na jinsi ujuzi unavyoongezeka iko mbali kule, kwenye sura ya mambo ya kati ya visa. Mimi nina PDF kwenye tableti, na faili lenye picha nyingi namna hiyo hufunguka polepole kwenye kifaa cha kawaida. Nilinakili kanuni zote za kukua kwa mkono kwenye ukurasa mmoja wa daftari, zikaenea, na tangu hapo sijahitaji kufungua sura ile tukiwa mezani. Kama kanuni zinaenea ukurasa mmoja, kitabu kingeweza kuziweka ukurasa mmoja.

Kupata nakala ya karatasi huku kwetu ni shughuli. Lazima mtu aagize nje au apate ndugu anayesafiri, na usafirishaji unaweza kukuumiza kuliko bei. PDF inatosha kuanzia. Na kwa anayesoma Kiingereza, Chaosium inatoa kijitabu cha majaribio cha RuneQuest bure kwa PDF, chenye kanuni za kutosha, kisa kimoja na wahusika walio tayari. Anza nacho kabla ya kulipa chochote. Kama meza yako itafurahia ile dakika ambapo kila mtu anahesabu visanduku vyake na kuanza kutupa dadu za msimu, nunua kitabu kikubwa. Kama watauliza mbona wamepata asilimia 3 tu, kaa na D&D, mtafurahi zaidi.

Dadu za pande kumi ni ngumu kuzipata mjini. Programu ya simu inafaa, lakini kwa dadu za mwisho wa msimu tafuta za kweli, mtu azishike mkononi mwake. Na karatasi za wahusika uzitoe kwenye karatasi nene. Waombe pale kwenye fotokopi, wanayo ile wanayotumia kwa vyeti vya ubatizo. Visanduku vya RuneQuest vinajazwa na kufutwa kila msimu, na karatasi ya kawaida itatoboka kwa ufutio kabla mwaka wa kwanza haujaisha.